Uvimbe adimu wa puani: Wanasayansi wabaini seli unakoanzia, nawe zijue dalili zake

Jaribu kuhesabu ni mara ngapi mwaka huu wewe au mwanao mmeumwa mafua. Pua kuziba, kamasi, chafya na hata damu kidogo puani ni mambo ambayo kila nyumba inayafahamu, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ndiyo maana pua ni kiungo tusichokipa uzito. Tunanunua dawa ya mafua dukani, tunajifukiza, maisha yanaendelea.

Mazoea hayo huwagharimu watu wachache ambao pua yao imeziba kwa sababu nyingine kabisa. Leo tunazungumzia mmoja wa magonjwa hayo: uvimbe wa saratani unaoota juu kabisa ndani ya pua, mahali tunapotumia kunusia. Madaktari huuita olfaktori nyuroblastoma, na baadhi bado hutumia jina la zamani, esthesionyuroblastoma. Ukikuta lolote kati ya majina hayo kwenye karatasi ya majibu, jua kwamba ni ugonjwa ule ule.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu za saratani kwa miaka mingi, kama Marekani, hupatikana kwa chini ya mtu mmoja kati ya watu milioni moja kwa mwaka. Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ametoka damu puani asubuhi ya leo asipoteze usingizi. Lakini kwa yule mmoja anayeupata, kuugundua mapema au kwa kuchelewa ni tofauti kubwa sana, na hiyo ndiyo sababu ya kuuandikia leo. Sababu ya pili ni kwamba mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya maabara yanayojibu swali lililosumbua kwa miaka mingi: uvimbe huu huanzia kwenye seli gani?

Tuanze na pua yenyewe

Ukipandisha macho ya akili ndani ya pua hadi juu kabisa, katikati ya macho mawili, utakuta utando mdogo wenye kazi ya kutambua harufu. Utando huo una seli za fahamu zinazonusa harufu ya kahawa, ya maandazi yanayokaangwa au ya moshi, kisha kupeleka taarifa kwenye ubongo. Nyuzi za seli hizo hupita kwenye mfupa mwembamba wenye vitundu vidogo vingi kama chekecheke. Upande wa chini wa mfupa huo ni pua, na upande wa juu ni ubongo. Kumbuka ujirani huo, maana tutaurudia.

Seli hizi za kunusa zina jambo la pekee. Seli nyingi za fahamu mwilini, zile za ubongo na za uti wa mgongo, zikifa hazirudi. Za kunusa hufa na kuzaliwa upya maisha yako yote, kwa sababu ziko mahali pa wazi, zikipigwa na vumbi, moshi na virusi kila siku. Wakati wa UVIKO-19 wengi tulipoteza uwezo wa kunusa, na kwa wengi wetu uwezo huo ulirudi. Uwezo wa utando huo kujijenga upya ni sehemu ya sababu.

Kazi ya kuzalisha seli mpya hufanywa na seli shina zilizojificha chini ya utando. Ziko za aina mbili. Aina ya kwanza ni bapa, zimelala chini kabisa kama akiba, na huamka hasa pale utando unapoumia vibaya. Aina ya pili ni za mviringo. Hizi ndizo zenye shughuli nyingi: hugawanyika mara kwa mara, na watoto wake hukua hatua kwa hatua hadi kuwa seli kamili za kunusa. Shamba lenye miche inayooteshwa kila siku ndilo pia lenye nafasi kubwa ya mche kuota vibaya.

Swali lililodumu karne nzima

Uvimbe huu ulielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Ufaransa, Berger na Luc, mwaka 1924. Tangu hapo madaktari walijua kwamba una sura ya seli changa za fahamu, lakini hawakukubaliana unatoka wapi. Wapo waliosema unatoka kwenye seli za kunusa zenyewe. Wapo waliosema unatoka kwenye seli zilizo chini yake. Wengine walitaja mafundo ya mishipa ya fahamu yaliyo jirani na pua.

Huenda ukajiuliza, mgonjwa anafaidika nini kujua seli ya kwanza ilikuwa ipi? Fikiria fundi anayeletewa gari linalovuja mafuta. Anaweza kufuta mafuta sakafuni kila asubuhi, lakini asipojua yanatoka wapi atafuta hadi achoke. Ndivyo ilivyo kwa saratani. Upasuaji na mionzi huondoa kilichoonekana. Ili kupata dawa inayolenga ugonjwa wenyewe, lazima ujue seli ilikuwa inaelekea kuwa nini, na ni wapi ilipotea njia.

Kizuizi kikubwa kilikuwa uhaba wa wagonjwa. Hospitali kubwa inaweza kukaa muda mrefu bila kumpata hata mmoja, na vipande vya uvimbe vya kuchunguza ni vichache. Ndiyo maana watafiti wa Duke, wakiongozwa na Bradley Goldstein, ambaye ni daktari wa upasuaji wa masikio, pua na koo, pamoja na Trudy Oliver, mtaalamu wa saratani ya mapafu, waliamua kuutengeneza ugonjwa huo kwa panya wa maabara.

Breki mbili na mafuta yaliyokanyagwa

Kila seli ina jeni zinazoizuia kugawanyika ovyo. Mbili zinazojulikana zaidi huitwa Rb1 na p53. Zichukulie kuwa ni breki za gari. Ipo pia jeni inayoitwa Myc, ambayo kazi yake ni kuisukuma seli ikue, yaani ni kama mguu unaokanyaga mafuta. Watafiti waliwatumia panya ambao katika seli za pua zao breki hizo mbili zilitolewa, na mafuta yakakanyagwa hadi mwisho.

Panya hao walipata uvimbe puani. Uvimbe huo ulikuwa mkali, uliweza kusambaa, na seli zake zilifanana na seli changa za fahamu, kama zinavyoonekana kwa binadamu. Kisha watafiti wakauliza: ni seli ipi hasa ikiharibiwa jeni hizo inaweza kuzaa uvimbe huu? Jibu lilikuwa zile seli shina za mviringo, zile zenye shughuli nyingi za kuzalisha.

Hawakuishia hapo. Walipima seli moja moja kutoka kwenye uvimbe wa panya na wa binadamu, wakiangalia ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Waligundua kwamba seli za uvimbe hazifanani zote. Nyingine ziko kwenye njia ya kuwa seli za fahamu, nyingine zimechukua njia ya seli zisizo za fahamu zinazopatikana kwenye utando huo huo wa pua. Kwa maneno mengine, uvimbe unaiga ratiba ya kawaida ya ukuaji wa pua, ila seli hazifiki mwisho wa safari. Zinakwama njiani huku zikiendelea kuzaana. Tena zinaweza kubadilika: watafiti walipoondoa jeni moja inayoitwa Ascl1, ambayo husaidia seli kushika njia ya fahamu, zilijitokeza seli za aina ile nyingine.

Jambo hili la kubadilika ni muhimu kwa mgonjwa. Dawa inayoua seli za aina moja inaweza kuwaacha ndugu zao wa aina ya pili wakiendelea kukua. Linaweza kusaidia kueleza kwa nini uvimbe huo huo unapungua kwa dawa kwa muda kisha unarudi.

Undugu na saratani ya mapafu

Jambo la mwisho katika utafiti huo ndilo lililowashangaza wengi. Uvimbe huu wa pua una mfanano mkubwa na aina moja ya saratani ya mapafu, ile ya seli ndogo. Makundi ya seli yanafanana. Tabia ya kubadilika inafanana. Hata kinga ya mwili inavyouona uvimbe inafanana: katika yote mawili, askari wa kinga ni wachache ndani ya uvimbe, kana kwamba hawajapata taarifa ya mwizi.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Hii haina maana kwamba mwenye uvimbe wa pua ana saratani ya mapafu, wala kwamba mmoja huzaa mwingine. Saratani ya mapafu ya seli ndogo inahusiana sana na uvutaji wa sigara. Huu wa pua haujathibitishwa kuwa na uhusiano huo. Maana yake ni kwamba ugonjwa adimu, ambao makampuni ya dawa hayakuwa na sababu ya kuutafutia tiba, sasa una ndugu anayejulikana na anayetafitiwa sana. Dawa zinazobuniwa kwa ajili ya huyo ndugu zinaweza kujaribiwa kwa huyu pia.

Neno muhimu ni kujaribiwa. Utafiti huu haujaleta dawa mpya. Panya si binadamu, na si kila uvimbe wa binadamu una kasoro za jeni zile zile walizowekewa panya hao. Mtu akikuuzia dawa, iwe ya kizungu au ya miti shamba, kwa madai kwamba wanasayansi wameshapata tiba ya uvimbe wa pua, usimpe fedha yako.

Dalili za kuangalia

Tutoke maabara, turudi nyumbani. Dalili za uvimbe huu zinafanana na mafua, na hapo ndipo penye mtego. Kinachotofautisha ni upande na muda. Mafua na mzio huziba pua zote mbili, au huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Uvimbe huziba upande mmoja, ule ule, na hali haibadiliki ukinywa dawa. Onana na daktari ukiona haya:

• Pua kuziba upande mmoja kwa zaidi ya wiki tatu au nne bila nafuu.

• Damu kutoka upande ule ule mara kwa mara, hata kama ni kidogo.

• Kupoteza uwezo wa kunusa bila kuwa na mafua.

• Jicho moja kutokeza mbele, kuona vitu viwili viwili, au machozi kutoka upande mmoja muda wote.

• Maumivu ya kichwa au ya uso yasiyokwisha yanayoambatana na dalili za pua.

• Uvimbe shingoni usiopungua.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wazima wa makamo, lakini vijana na watoto hawajaepushwa. Kwa mtoto mdogo ambaye pua moja inatoa usaha wenye harufu mbaya, sababu ya kawaida zaidi ni kitu alichojitumbukiza: punje ya hindi, shanga, kipande cha sponji. Usijaribu kukitoa kwa kibanio, maana utakisukuma ndani zaidi. Mpeleke hospitali. Kama kitu hicho ni betri ndogo ya saa au ya mwanasesere, nenda saa hiyo hiyo, kwa sababu huunguza nyama ya pua kwa muda mfupi.

Kwa mvulana aliyebalehe anayetoka damu nyingi upande mmoja, kuna uvimbe mwingine usio wa saratani lakini wenye mishipa mingi ya damu, nao unahitaji mtaalamu. Usikubali mtu yeyote akate au kuchoma "nyama za pua" mtaani au kwenye duka la dawa. Kukata uvimbe wa aina hiyo bila vifaa kunaweza kusababisha damu isiyozuilika.

Damu ya puani ya kawaida kwa mtoto hutoka sehemu ya mbele ya pua. Mketishe, ainamishe kichwa mbele kidogo, mbane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia, naye apumue kwa mdomo. Usimlaze chali wala kumwinua kichwa nyuma, kwa sababu damu itashuka kooni. Ikizidi dakika 30, mpeleke hospitali.

Ukifika hospitali

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, lakini eleza wazi: "Ni upande mmoja tu, na imechukua muda huu." Maneno hayo humsaidia mhudumu kuona kwamba unahitaji rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Ukiwa umeshapewa antibayotiki mara mbili au tatu bila nafuu, sema hivyo pia. Kuomba rufaa si utovu wa adabu.

Bingwa atachungulia ndani ya pua kwa kamera nyembamba. Akiona kitu cha kutilia shaka, atakupeleka kwenye kipimo cha CT-Scan, na mara nyingi MRI, ili ajue uvimbe umefika wapi kabla ya kuugusa. Baada ya hapo atachukua kinyama kidogo kwa ajili ya maabara.

Hapa wagonjwa wengi hukimbia. Ipo imani iliyoenea mitaani kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa na kuua haraka. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba mgonjwa alikuja akiwa amechelewa, akachukuliwa kinyama, akafariki miezi michache baadaye, na ndugu wakalaumu kisu. Aliyeua ni ugonjwa uliokuwa umeshakwenda mbali. Bila kinyama daktari hawezi kujua anatibu nini, kwa sababu chini ya darubini uvimbe huu hufanana na saratani nyingine kadhaa za pua, na kila moja ina matibabu yake. Ikiwezekana, uliza kama majibu yanaweza kuangaliwa na mtaalamu wa pili wa patholojia. Kwa ugonjwa adimu kama huu, macho mawili ya ziada si anasa.

Hatua na matibabu

Tangu mwaka 1976 madaktari wamekuwa wakitumia mpangilio wa Kadish. Hatua A ni uvimbe ulio ndani ya pua tu. B umeingia kwenye matundu ya mifupa ya uso yanayozunguka pua. C umevuka, umegusa jicho au ule mfupa wa chekecheke na kuingia upande wa ubongo. Baadaye iliongezwa hatua D, pale unapofika kwenye tezi za shingo au mbali zaidi.

Sasa unaelewa kwa nini ujirani ule wa pua na ubongo una maana. Miezi sita ya dawa ya mafua inaweza kuupeleka uvimbe kutoka chini ya chekecheke hadi juu yake. Ukiwa A, daktari wa pua anaweza kuuondoa kwa kupitia tundu la pua. Ukiwa C, upasuaji unaweza kuhitaji daktari wa ubongo kusimama pembeni yake, na hatari ni kubwa zaidi.

Baada ya upasuaji, wagonjwa wengi hupewa mionzi, na baadhi hupewa dawa za saratani. Wengi wanaotibiwa vizuri huishi miaka mingi, na katika saratani hilo ni jambo la kushukuru. Ila uvimbe huu una tabia ya kurudi baada ya muda mrefu, hata miaka 10 au zaidi. Kwa hiyo kliniki ya ufuatiliaji isiachwe kwa sababu unajisikia mzima. Tunza karatasi zako zote, picha za vipimo na majibu ya kinyama mahali pamoja, na mwonyeshe ndugu mmoja zilipo.

Si kosa la mtu

Wazazi huuliza: nilikosea wapi? Hakuna chanzo kilichothibitishwa cha uvimbe huu. Hautokani na kuchokonoa pua, hautokani na mafua yasiyotibiwa, hauambukizi, na si ugonjwa unaojulikana kurithiwa katika ukoo. Wala si kurogwa. Mafundi seremala wajue, hata hivyo, kwamba vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha aina nyingine za saratani ya pua, hivyo barakoa kazini ni kinga ya kweli.

Utafiti wa Duke unaimarisha jambo hilo: seli iliyokuwa ikifanya kazi yake ya kila siku ya kukutengenezea uwezo wa kunusa inaweza kupoteza breki zake bila mwenye pua kufanya lolote. Usichoweza kuzuia ni hicho. Unachoweza ni kuhesabu wiki. Kama kuna mtu nyumbani mwako anayelalamika kuhusu tundu moja la pua, muulize leo imeanza lini, na kama jibu ni zaidi ya mwezi, panga siku ya kwenda kwa daktari wiki hii.